Daktari wa Nyonga

Ukimwona mara ya kwanza ungedhani ameangusha kitu anakitafuta. Mtu mzima, mwenye mvi na koti jeupe, amelala kifudifudi kwenye sakafu ya baraza ya hospitali, shavu karibu liguse saruji, na mbele yake mtoto anatembea bila viatu kuelekea mlangoni.

"Rudi," anasema kutoka pale chini.

Mtoto anageuka.

"Enda tena. Usikimbie. Tembea kama umetumwa chumvi na huna haraka."

Hivyo ndivyo alivyosoma nyonga. Alisema picha ya eksirei inaonyesha mfupa ukiwa umelala, naye alitaka kuuona ukiwa kazini. Akiinuka, koti limejaa vumbi kifuani, na sista mkuu wa wodi anamtazama bila kusema neno, kwa sababu alishasema miaka mingi na hakusikilizwa.

Jina alikuwa nalo, lilikuwa kwenye kibao cha mlango wake, lakini sisi akina mama wa wodi ya watoto pale Kitale tulimwita Daktari wa Nyonga. Naye hakutuita kwa majina yetu. Alituita kwa watoto wetu na upande wa ugonjwa. Mimi nilikuwa Mama Nafula wa kushoto. Hata miaka ilipopita, akinikuta sokoni nikichagua nyanya, aliita kutoka ng'ambo ya vibanda, "Mama Nafula wa kushoto! Mguu unasemaje?" Watu wote waligeuka kuangalia mguu wangu.

Alikuwa mkali. Hilo nalianza nalo kwa sababu ndilo nililokutana nalo kwanza.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulikaa Kimilili, mume wangu akifundisha shule ya msingi, mimi nikishona nguo. Nafula ndiye mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miaka minne. Asubuhi moja alikataa kuamka. Mwili ulikuwa moto, na mguu wa kushoto alikuwa ameukunja na kuulaza upande, kama mtu aliyeweka kitu na kusahau kukichukua. Ukiugusa anapiga yowe ambalo majirani walilisikia. Zahanati ya kwanza walisema ni malaria, wakamdunga sindano. Ya pili walisema ni homa ya matumbo. Mama mmoja mkandaji akaja nyumbani, akasema mshipa umeruka, akamkanda kwa mafuta ya moto huku mimi nimemshikilia. Homa ilishuka ikapanda tena, na mguu ukabaki vile vile. Ndipo nikambeba hadi Kitale.

Daktari wa Nyonga alifunua shuka, akatazama bila kugusa. Kisha akaingiza mikono yake kwapani, akasimama hivyo kwa muda, amejikumbatia kama mtu anayesikia baridi. Baadaye nilijua alikuwa anapasha mikono moto. Alianza na unyayo, akapanda polepole, na alipofika kwenye paja Nafula akalia kabla hajaguswa hapo.

"Amelala hivi tangu lini?"

Nikamweleza yote. Zahanati, sindano, mafuta.

Akanipigia kelele. "Huu ni usaha! Uko ndani ya kiungo, unakula mfupa wa mtoto, na nyinyi mnakanda! Mnakanda nini, unga wa chapati?"

Nilikuwa sijalala vizuri, nimembeba mtoto mwenye maumivu njia yote hiyo. Nikamjibu.

"Daktari, kwani unadhani nilikuwa nimekaa? Kila mahali nilionyeshwa nimeenda. Hakuna mtu alitaja nyonga. Wewe ndio wa kwanza. Sasa ukimaliza kunigombeza, si umtibu?"

Benchi lote la akina mama likageuka kututazama. Daktari akamfunika Nafula shuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, tofauti kabisa na ile ya kwanza, "Mlete." Akamfungua alasiri ile ile, ingawa ilikuwa siku ambayo hakuwa na zamu ya upasuaji. "Usaha hauendi likizo," alikuwa akiwaambia wauguzi, na ndiyo maneno yake niliyoyasikia mara nyingi kuliko mengine yoyote.

Jioni alikuja pale kitandani, akavuta kiti, akakaa akiwa ameniangalia usoni. Aliniambia usaha umetolewa na mtoto atapona homa. Halafu akaniambia lile lingine.

"Kichwa cha mfupa kimeliwa upande mmoja. Hicho ndicho kinachozunguka ndani ya nyonga, kama ngumi ndani ya kiganja. Sitaweza kumrudishia ile aliyopewa na Mungu, Mama Nafula. Nitajaribu kumtengenezea ya kutembelea."

"Atakuwa anachechemea?"

"Atachechemea."

Sikulia pale. Nililia bafuni, nikiwa nimefungua maji.

Watoto hakuwadanganya hata kidogo. Nafula akimuuliza kama sindano itauma alisema, "Itauma. Kesho pia itauma kidogo. Keshokutwa itaanza kuchoka." Na kweli ikawa hivyo, na tangu hapo mtoto wangu akawa hamwamini mtu mwingine mle wodini, hata mimi mamake. Nikimwambia jambo alisema, "Ngoja tuulize daktari."

Lakini akina baba aliwadanganya mchana kweupe. Baba akija kutaka kumtoa mtoto kabla ya wakati, ati plasta ya kushikilia mfupa imekaa sana, ati mtoto anahitajika nyumbani, Daktari wa Nyonga alikunja uso na kusema, "Kuna sheria. Mtoto mwenye plasta ya nyonga akitolewa, mzazi anashtakiwa." Hakukuwa na sheria kama hiyo. Sista mkuu alikuwa akijifanya anatafuta kitu kabatini ili asicheke. Baba alirudi nyumbani peke yake.

Na huyo mtu aliyekata mifupa bila mkono kutetemeka aliogopa kuku. Kwetu upande wa Bungoma mtu akikutendea jambo kubwa humpi asante ya mdomo tu, unampa kuku. Kila mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, mzazi wake alileta jogoo. Daktari aliwapokea kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili, ameupindisha uso upande, na jogoo akipiga bawa moja tu, alimwachilia. Wale jogoo walienea kwenye uwanja wa hospitali. Watoto walicheka hadi wale wa plasta wakalalamika mbavu.

Hiyo plasta ndiyo iliyonifanya nimjue kwa miaka yote hiyo. Nafula alipofika miaka sita mguu ulikuwa umeanza kukaza kwa ndani, goti likigonga goti la mwenzake. Daktari akamfanyia upasuaji wa pili. Aliukata mfupa wa paja chini kidogo ya nyonga, akaugeuza, akaufunga kwa chuma, ili kile kichwa kilichobaki kiingie mahali pake vizuri zaidi. Alinieleza kwa mkate wa chai, akiumega na kuuzungusha mezani. Baada ya hapo Nafula akafungwa plasta kutoka kifuani hadi kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, na upande wa kulia hadi gotini, miguu imetanuliwa, na kijiti kimeunganisha miguu miwili katikati. Wageni walidhani kijiti kile ni cha kumbebea. Sista alikuwa anapiga kelele kutoka mwisho wa wodi, "Si mpini huo!"

Mtoto aliyefungwa hivyo havai kitu. Suruali haipiti, gauni linapanda hadi kidevuni, na Nafula alikuwa amefika umri wa kuona haya. Alikuwa anajifunika na shuka hata jua likiwa kali. Nikachukua kitambaa, nikamshonea sketi pana iliyofunguka pande zote mbili, ya kufunga kwa kamba kiunoni juu ya plasta, na nguo ya ndani ya kufungia mbavuni. Daktari alipoiona alisimama.

"Hii umenunua wapi?"

"Nimeshona."

"Na huyu?" Akanionyesha kitanda cha jirani. "Na yule?"

Nikashonea wodi nzima. Kufikia wakati Nafula alipotolewa plasta nilikuwa nimekodi chumba Tuwan, mtaa wa pale Kitale, karibu na dada yangu, ili nisiwe natoka Kimilili kila kliniki, na nilikuwa napeleka nguo wodini kila mwezi. Mume wangu alikuja wikendi. Hivyo ndivyo mtu ambaye ningekutana naye mara mbili nikawa namwona miaka na miaka, akiwa na hasira, akiwa na furaha, na siku zingine akiwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya nyuma, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

Alikuwa na kiburi pia. Sitaki kumpaka rangi nzuri tu. Daktari kijana akimwambia labda mfupa ungekatwa chini zaidi, alikaa kimya siku nzima na kuwasalimia watoto peke yao. Hakupenda kusahihishwa. Hakupenda kuombewa hadharani; mchungaji alipokuja wodini na kuomba Mungu aongoze mikono yake, alisimama ameinamisha kichwa, lakini baadaye nilimsikia akimwambia sista, "Mungu aongoze mikono ya wale wa zahanati, wafunue shuka waangalie nyonga. Mimi watoto wananifikia tayari wameharibika." Na hilo ndilo lililomla. Hakukasirikia akina mama, ingawa ni sisi tuliopigiwa kelele. Alikasirikia siku zilizopotea kabla ya mtoto kufika kwake. Nilichukua muda kulielewa hilo. Wako akina mama ambao hawakulielewa kamwe, nao walikuwa na haki yao.

Sasa nieleze habari ya Nasimiyu.

Alikuwa mtoto wa miaka minane kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Bungoma, mwembamba, mwenye kuongea sana. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imetoka mahali pake tangu akiwa mdogo, baada ya usaha kama wa Nafula ambao haukuwahi kutolewa. Alitembea akiyumba upande mmoja. Alikaa wodini wiki kadhaa akingoja upasuaji, na katika kungoja huko akawa rafiki wa kila mtu. Alichotaka ni kuruka kamba. Wenzake shuleni walimwachia kazi ya kuzungusha tu. Daktari wa Nyonga, ambaye hakuwadanganya watoto, alimwambia, "Utaruka." Aliziona picha zake, aliamini kweli ataruka. Nikamshonea sketi yake ya plasta mapema, ya maua ya njano, akailaza chini ya mto.

Hakutoka kwenye chumba cha upasuaji. Dawa ya usingizi ilimwingia vizuri, daktari akaanza kazi, na katikati moyo wake ukasimama. Waliushughulikia hadi jasho likawatoka wote. Haukurudi.

Mimi nilikuwa nimeleta nguo siku hiyo. Nilimwona Daktari wa Nyonga akitoka, kofia bado kichwani, akaenda moja kwa moja hadi pale alipokuwa ameketi babake Nasimiyu, akapiga magoti mbele yake. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona tu yule baba akisimama na kumwacha amepiga magoti, akatoka nje.

Siku ya mazishi daktari alinijia Tuwan na pikapu yake. "Utanipeleka?" aliniuliza. "Wewe unajua mila ya huko." Nilimwambia asiende. Nilimwambia wazi kwamba watu wana uchungu, anaweza kupigwa. Akasema, "Nitaenda nikapigwe huko." Basi nikapanda.

Hakuzungumza njiani. Tulipita Kimilili, tukapita Bungoma, tukaacha lami. Watu walikuwa wengi, turubai limefungwa, kwaya ya kanisa inaimba. Babake Nasimiyu alituona tukishuka akaja hadi langoni.

"Umekuja kuona nini?"

"Nimekuja kumzika, baba."

"Wewe ulishamzika." Akageuka akaenda zake.

Daktari wa Nyonga hakuingia na hakuondoka. Alisimama nje ya ua, juani, kofia mkononi. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Watu walianza kumwonyesha kwa vidole, vijana wawili wakasogea. Nilikuwa naogopa, nawaambia ukweli. Ndipo nyanyake Nasimiyu akatoka kwenye turubai akiwa ameburuta kiti cha mbao. Alikuwa mzee sana, akatembea na kile kiti kama anavuta ng'ombe mkaidi.

"Mwana wa watu atasimama kwa jua mpaka rini?" aliwauliza wale vijana kwa lafudhi ya huko. Akakiweka kiti kivulini ndani ya ua. "Karia hapo, daktari. Umekuja kwa mguu wako. Mwenye hatia anakuja kwa mguu wake?"

Wakati wa watu kuongea ulipofika, mzee wa kanisa aliyeongoza alisitasita, kisha akamwita. Nimesikia watu wengi wakiongea kwenye matanga. Wanasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, wanakaa. Yeye alisimama, akatafuta pa kuweka mikono.

"Mtoto huyu alitaka kuruka kamba," alisema. "Mimi nilimwambia ataruka. Moyo wake ulisimama tukiwa naye, tukafanya yote tunayojua, ukakataa. Sijui kwa nini. Nimesoma miaka mingi na sijui. Ningejua, ningewaambia leo."

Mwanamke mmoja akapiga ukemi. Mtu akapaza sauti nyuma, "Akae chini huyo!" Babake Nasimiyu akainuka. Nilifikiri anakuja kumpiga. Alifika karibu kabisa naye, akauliza swali moja, kwa sauti ambayo sisi wa mbele tu ndio tuliisikia.

"Alilia?"

"Hakulia, baba. Tulimwambia aimbe. Aliimba mpaka akalala."

"Aliimba nini?"

Daktari akamtajia wimbo. Ulikuwa wa Sunday school. Yule baba akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndio huo. Ndio huo alikuwa anapenda," kisha akakaa chini kwenye udongo. Daktari akakaa chini kando yake na suruali yake nzuri. Walikaa hivyo hadi jeneza likabebwa.

Tulipokuwa tunarudi alisimamisha pikapu kando ya barabara, akashuka, akashika mlango, akatapika. Kisha akaendesha hadi Kitale. Wiki iliyofuata aliingia thieta kupasua, kwa sababu kulikuwa na watoto wanaongoja. Lakini baada ya siku ile hakuna mtoto aliyeambiwa "utaruka" au "utakimbia." Alisema, "Tutajaribu." Watoto hawakupenda neno hilo. Nafula aliniambia, "Mama, daktari siku hizi anaongea kama watu wengine."

Halafu ikaja ile Januari ya vita vya baada ya uchaguzi. Jamaa za daktari walikuwa watu wa Mkoa wa Kati waliokaa huku Trans-Nzoia tangu zamani, wakalima, wakazika wazee wao hapa. Sikuwahi kumuuliza mambo ya ukoo, wala hakuwahi kuyasema. Lakini siku zile kila mtu aliulizwa hata kama hakuna aliyefungua mdomo. Watu wa asili ya huko walikuwa wanafukuzwa, na barabara zilifungwa. Kulikuwa na watoto wodini wenye plasta ambao hawawezi kubebwa na wazazi wao hawawezi kufika. Mkewe na watoto wao walipanda lori lililosindikizwa na polisi, wakaenda kwa ndugu zao huko Nyeri. Yeye akahamia wodini. Alilala kwenye kitanda cha mtoto kilichokuwa kitupu, miguu imetokeza nje.

Nilitoka Tuwan kwa miguu nikawapelekea uji, mimi na akina mama wengine tulioweza. Siku moja nilimkuta mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa amefunguliwa nyonga mwezi uliopita, akimwambia daktari usoni, "Si nyinyi mwende tu kwenu? Kwani mnangoja nini?" Alisema hivyo huku mtoto wake amelala katikati yao. Daktari wa Nyonga alikuwa ameshika mkasi wa plasta. Aliinama, akaendelea kukata pale palipokuwa panamchubua mtoto, akapuliza vumbi jeupe, akapitisha kidole aone kama panakwaruza bado.

"Kuko sawa hapo?" akamuuliza mtoto.

"Kuko sawa."

Akaenda kitanda kilichofuata. Yule mama alianza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Amani iliporudi mkewe hakurudi. Alisema hawezi tena kulala mahali ambapo majirani walijua mlango wake. Daktari aliendelea kukaa kwenye nyumba yake peke yake, wakati mwingine akienda Nyeri kwa siku chache, na kila alipotoka huko alikuwa amekonda zaidi. Tulimwambia ahame. Sista mkuu alimwambia. Mimi nilimwambia. Alisema, "Na hawa?" akionyesha vitanda. Nilitaka kumwambia kwamba watoto wake mwenyewe pia wana vitanda, lakini nilinyamaza. Mpaka leo sijui kama alifanya vizuri. Mtu anaweza kuwa baraka kwa watoto wa watu na nyumba yake ikabaki tupu, na sisi tuliofaidika ndio wa mwisho kumuuliza.

Kiharusi kilimpata akiwa ananawa mikono kabla ya kuingia kwenye upasuaji. Sista aliniambia alianguka taratibu, akishuka ukutani, maji yakiendelea kumwagika.

Mwaka uliofuata Nafula alikuwa amefika miaka kumi na miwili. Mguu wa kushoto ulikuwa umebaki nyuma, mfupi kuliko mwenzake, na nyonga ilianza kumuuma akisimama muda mrefu darasani. Kliniki walituambia anahitaji kukatwa tena, na kwamba kuna daktari mwingine anayeweza. Nafula akakataa.

"Mtu mwingine hanikati," alisema. "Nitangoja yeye apone."

Nilimweleza hali. Hakusikia. Basi Desemba ya mwaka huo, shule zimefungwa na mahindi yamevunwa, nikampeleka amwone kwa macho yake.

Nyumba ilikuwa shambani, nje ya Kitale. Dada yake mkubwa ndiye alikuwa anamtunza, mama mpole, mwenye lesso kiunoni. Alituambia mlangoni, "Siku zingine anajua watu. Siku zingine hajui. Msimlaumu." Tukamkuta sebuleni, kwenye kiti karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Nikamsalimia. Akaitikia kwa adabu, jinsi mtu anavyomwitikia mgeni wa kanisa. Hakuniita Mama Nafula. Hakusema kushoto.

Nafula akaingia nyuma yangu, akavuka chumba ili aende kumpa mkono. Ni hatua chache tu. Lakini macho ya yule mzee yakabadilika, yakashuka kiunoni kwa mtoto na kumfuata hadi alipofika.

"Nyonga ya kushoto," alisema. Maneno yalimtoka mazito, upande mmoja wa mdomo. "Ilikuwa na usaha. Akiwa mdogo sana."

Nafula alinitazama, uso wote umefunguka kwa furaha.

"Unamkumbuka, daktari?" nikauliza.

"Simjui," alisema. "Naona tu."

Akamwita asogee. Akauweka mkono wake mzima, ule wa kushoto, juu ya nyonga ya Nafula, akamwambia ainue mguu, aushushe, augeuze ndani, augeuze nje. Nafula akafanya yote. Dada wa daktari alisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya chai, hakusogea.

"Mfupa ulikatwa, ukageuzwa," alisema. "Unamuuma?"

"Unamuuma akisimama."

"Lazima. Anakua." Akafikiri. Alikuwa anahangaika, niliona, akitafuta neno na neno halitaki. Kisha akauliza, "Nani alimpasua?"

Nikafungua mdomo. Nafula akaniwahi.

"Ni daktari mmoja wa hapa Kitale."

"Alikuwa mzuri?"

"Alikuwa mkali," alisema Nafula. "Lakini alikuwa mzuri."

Daktari akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia habari za kuridhisha kuhusu mwenzake.

"Mrudieni," alisema. "Mfupa wa mtoto haumalizwi kwa siku moja. Aliyeanza ndiye anajua alipoachia. Msiende kwa mwingine. Mrudieni yeye."

"Sawa, daktari," alisema Nafula. "Tutamrudia."

Tulikunywa chai. Daktari alimwaga kidogo kifuani, dada yake akampangusa, naye akatazama nje ya dirisha, akawa ametusahau tena. Tulipoaga alisema, "Karibuni siku nyingine," na akamuuliza dada yake wale walikuwa ni nani.

Tulifika barabarani. Nafula akakaa chini kando ya shamba, kati ya mabua makavu, akalia kwa sauti kama vile alivyolia akiwa na miaka minne. Nikakaa kando yake. Watu walipita, wakasalimia, wakaenda. Alipomaliza akajipangusa uso kwa sketi, akaninyooshea mkono nimwinue.

"Tumtafute mwingine, mama," alisema. "Nitakubali."